Malaika ya Jani

Profesa ameandika pembezoni kwa penseli:
*Eleza umbo. Eleza mtawanyiko. Usipambe.*
Basi sipambi.

Nimekata jani la chalba kwa wembe wa kunyolea,
nikalilaza juu ya kioo, tone la maji, kioo kingine,
na hadubini ikanionyesha nyota:
matawi sita, saba, juu ya kikonyo kimoja.
Upande wa chini zimebanana kama foleni ya mkate,
upande wa juu zimeachana, kila moja na kivuli chake.

Mnanaa wa mtoni hauna nyota.
Laika lake ni jembamba, lina pingili tatu, nne,
na kati ya laika na laika kuna tezi,
kichwa cha seli nane kilichozama ngozini,
kimefunika tone la mafuta
kama chakula cha mgeni kilichofunikwa kawa.
Ukiligusa jani, kawa hupasuka.
Ndiyo harufu hiyo.

Chai ya mlimani: marefu, laini, meupe, hayahesabiki.
Niliyahesabu.
Nilifika mia mbili na kumi na mawili ndani ya milimita moja,
macho yakachuruzika,
nikaandika: *mengi*.

Juni nikapanda milima ya Toros, hadi kwa shangazi Döndü
na mbuzi wake thelathini na mmoja.
Mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili.
Anafunga vicha vya kuuza sokoni Alhamisi,
hatazami, atatazama nini?
Analipitisha jani juu ya mdomo, mara moja tu,
kama mtu anayepima joto la uji wa mtoto.

"Hili la upande wa jua.
Hili limeota mwambani, limejifunika gubigubi.
Hili hata mbuzi hawalitaki, pamba yake inakaba koo."

Nikampa langu, kavu, lile la mia mbili na kumi na mawili.
Akalirudia. Mara ya pili. Ya tatu.
"Mlilichuma changa," akasema.
"Jani huzaliwa na malaika yake yote.
Hayaongezeki, Mürvet. Ngozi ndiyo hutanuka,
nayo yakaonekana machache."

Liko kitabuni, hilo.
Ukurasa niliouruka.

Upepo ukashuka kutoka kwenye theluji ya mwisho
na vidole vyake, vikavu, vyenye harufu ya zatari,
vikatua mkononi mwangu, vikapanda taratibu hadi kiwikoni.
Akacheka peke yake.
"Kumbe na wewe."

Usiku, kwa taa ya gesi, nikafungua daftari la maabara:

*Sampuli: mkono wa kushoto.
Umbo: hayana matawi. Yamesimama.
Mtawanyiko:*

kalamu ikangoja,
mbuzi mmoja akakohoa gizani,

*kote.*