Msomaji wa Picha Bubu

Senti thelathini mlangoni, benchi la mbele nusu yake,
na Jivraj mwenyewe akihesabu vichwa
jinsi alivyokuwa akihesabu magunia ya kopra
ghala hili lilipokuwa ghala, si sinema.
Kisutu nzima ilijua: ukitoka kutazama mapenzi
kanzu yako inanuka nazi.

Mimi nilikuwa muuza karanga. Alifu na bee za chuoni nilizijua;
herufi za Kizungu zilikuwa nyayo za kuku kwenye tope.

Taa zikizimwa, Mgoa Figueredo anaalisha vidole,
kinanda kinakohoa vumbi la Mchafukoge,
na kwenye shuka mbili zilizoshonwa pamoja
wanatokea watu weupe kama waliogaragara ungani,
midomo wazi, sauti hakuna.

Hapo anainuka Chaurembo.
Koti la ukarani, ukarani wenyewe umekwisha.
Maandishi yakija anayagusa kwa fimbo ya mwanzi:
“Bibi anasema, mkufu huu si wangu.”
“Mwizi anasema, tangu leo ni wako, nami nimo ndani ya bei.”
Wanawake wa Gerezani wanapiga vigelegele
mpaka askari wa kwenye picha wabishe hodi.

Kisha hakimu. Wigi, kidevu, mdomo unaofunguka kama droo.
“Hakimu anasema, nenda nyumbani, kijana, mama yako hajala.”
Watu wanalia. Picha inageuka:
kijana yumo nyuma ya vyuma.
Chaurembo hata kope haichezi:
“Amerudi kuchukua shati lake.”

Miaka miwili nilimsikiliza. Wezi wa farasi, wa benki, wa wake za watu,
hapana hata mmoja aliyefungwa Kisutu.

Sikudhani, wa skuli ya serikali, ndiye aliyenifundisha
kwenye magazeti yale yale niliyofungia karanga:
herufi moja, koni moja. Mtoto yule alinenepa.
Ndipo usiku mmoja hakimu akafungua droo yake,
nikaona shukani neno la herufi tatu,
neno lililonigharimu koni tatu: kumi.
Na Chaurembo anasoma, mama yako hajala.

Mlangoni nikamwuliza. Hakunijibu. Alitazama benchi la mbele,
ambako kila Jumamosi hubaki mtu mmoja:
Pazi, mdogo wake, tumbo moja.
Majora matano ya marekani yalipopotea bohari
bwana mkubwa aliuliza, nani? Chaurembo akanyoosha kidole.
Kidole hicho ndicho kilichojificha nyuma ya fimbo.
Pazi alitoka kifungoni na kikohozi, na tangu atoke
hawajasemeshana, ila kwa njia hii:
mmoja anasoma uongo gizani, mwingine analipa kuusikiliza.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani, sauti ikamkauka.
Hakimu akafunguka, maneno yakaja, yakakaa.
“Soma!” watu wakapiga mabenchi. “Soma, bwana!”
Fimbo ikatetemeka pembeni mwa lile neno langu.

Pazi akasimama, kivuli chake kikaangukia wigi.
“Mimi sijui kusoma,” alisema, “ila niliwahi kusimama
mbele ya mdomo kama huo. Haukusema habari za mama.
Soma ilivyoandikwa, kaka. Changu nilishakimaliza.”

Figueredo akasahau kinanda.
Chaurembo aliweka fimbo chini. Akainua kidole kitupu,
kile kile, akakigusisha shukani.
“Kumi,” akasema. “Miaka kumi.”

Kisha yule bibi, nje ya lango, mvi zimemwingia, mkufu mkononi,
akafungua mdomo, na hakuna aliyemtafsiria.
Nilisikia mashine tu ikimeza utepe wake,
na karanga, zangu, zikitafunwa polepole
na mtu aliyekuwa akilia.