Fungu la Mojiron Bewa

Mpima ardhi, kule kwao, huitwa amin.
Nikadhani ni sifa, kumbe ni kazi.
Alishuka mashuani na mnyororo wa chuma,
na ramani iliyokunjwa kunjuliwa
hata mikunjo ikawa nayo ni mito,
akauliza: Mama, shamba lako liko wapi?

Mojiron Bewa akanyosha kidole majini.
Pale, linapozunguka lile gugu.
Mgomba ulikuwa hapo, zizi kule,
na mume wangu, kichwa kaskazini,
hatua kumi na mbili toka kisimani.

Amin akautazama Jamuna,
mto ambao ng'ambo yake ni uvumi,
akaandika neno moja: sikasti.

Sikasti, ardhi iliyovunjika.
Ina safu yake daftarini,
ina wino wake,
na kodi yake husamehewa
kama deni la maiti.

Bewa nalo si jina.
Ni mjane, kwa maandishi ya ofisi.

Mara tisa amehama.
Hung'oa mabati, huhesabu misumari,
huinyoosha kwa jiwe, mmoja mmoja,
jiko la udongo hulibeba mapajani
kama mtoto mwenye homa.
Akifika, kwanza huinua tuta la nyumba,
kikapu kwa kikapu, mpaka lipite kimo cha kiuno.
Bhita, akaniambia, ndilo jina la tuta.
Mimi nikasikia vita,
na sikukosea sana.

Mjukuu wake Shohag ndiye mkalimani wetu.
Ana miaka kumi na mmoja na maneno ya maji kuliko umri wake.
Fungu likitokeza, anasema, ni char.
Likiwa bado chini, unaliona kwa rangi tu,
kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi,
hilo ni dubo char,
na watu wameshaanza kuligombania
kwa marungu, wamesimama majini hadi magotini,
juu ya shamba ambalo samaki hawajalihama.

Na kule bara, nikauliza, kwenye lami na nguzo za umeme?
Kule ni kaim, akasema. Kule hakuendi popote.

Kaim! Neno hilo tunalo sisi pia,
nikamwambia bibi, kupitia mtoto.
Kwetu kaimu ni mtu anayekalia kiti
mpaka mwenyewe arudi.

Alicheka hata akashika mwamba wa mlango.
Akafuta macho kwa ncha ya sari.
Basi ninyi, akasema,
ninyi ndio mmelielewa.

Mwezi wa Ashwin maji yakapwa.
Kusini kidogo ya pale alipoonyesha
pakatoka mgongo wa mchanga, mweupe, mwembamba,
na nyasi za kash zikauwahi kabla ya mwanadamu.
Amin akarudi. Safari hii neno lilikuwa payasti,
ardhi iliyojiunga.
Kujiunga na nani? Hapo ndipo kesi huanza.
Wakubwa wa kaim walishakuja na karatasi,
na mjane wakamwachia fungu la kukosa:
ncha ya chini, yenye tope,
inayotetemeka ukikanyaga.

Hakubisha. Alivua ndara,
akaipima kwa kisigino, hapa, hapa, si hapa,
mahali pengine akaonja udongo na kuutema.
Akatupa choroko bila kulima.
Hapakuwa na cha kulima, ni uji wa mto.

Amin alikuwa amekita kigingi chake chekundu,
namba imechorwa, mpaka wa serikali.
Jioni nilimkuta Mojiron amefungia mbuzi pale.

Si kigingi cha kupimia? nikauliza.
Shohag hakutafsiri. Akajibu mwenyewe:
Mwaka huu ni cha mbuzi.

Kamba ilikuwa ndefu.
Mbuzi alikuwa amekwishaimaliza,
miguu ya mbele majini,
akila jani la upande wa pili wa namba.