Unakwenda kwa Nani?

Kizuizini Sironko askari aliinua turubai kwa fimbo,
akakuta hema, sufuria moja, kijiko kimoja,
unga wa mahindi, spana namba kumi na nne.
"Unakwenda kwa nani?"
Mlimani, nikamwambia.
"Mlimani kwa nani?"
Nilikosa jina la kumpa. Akaniruhusu
kama mtu anavyompisha mgonjwa.

Ni Novemba. Mahindi ya Sebei yamekaukia shambani,
yamevunjwa shingo ili mvua isiingie kwenye gunzi,
na mvua imeingia vilevile.
Pikipiki yangu ni rika la kifunguamimba wangu:
wote wawili huwaka wakitaka.

Kupita Sipi, wingu limeketi barabarani
kama ng'ombe asiyejua honi.
Taa inachimba hatua nne, tano, inachoka.
Maji yameshajua njia: shingoni, mgongoni, kiunoni,
hadi kwenye soksi alizonifungia Nambozo
kwa maneno haya tu:
"Kama ni kelele za nyumba zinakukimbiza, sema."
Si kelele.
Miaka kumi na tisa nasoma mita za maji za watu wa Mbale,
nagonga geti, naandika tarakimu, natoka.
Nilitaka siku nne zisizo na namba.

Karibu na Kaproron mama mmoja akachomoza kwenye ukungu,
kuku kwapani, mwavuli umegeuka sahani,
akapanda nyuma.
"Boda, niteremshe pale kinuni."
Mimi si boda, nikasema.
"Basi wewe ni nini?"
Kuku alinidonoa mbavu njia nzima.
Aliposhuka akanipa elfu moja iliyolowa. Nikakataa.
Akaisokomeza mfukoni mwangu kwa hasira:
"Usinitie deni."

Saa kumi na moja jioni njia ikaisha.
Kilima kilikuwa kimelala juu yake, chekundu,
na mgomba mzima umesimama wima katikati ya lami
kana kwamba umepandwa hapo.
Nikasukuma pikipiki hadi ukingoni mwa shamba la mtu,
nikapiga hema kwa vidole visivyokuwa vyangu.

Usiku ule mambo mbili za hema ziling'oka.
Kiberiti kikawa uji.
Nikala unga mbichi kwa kijiko, kama mtoto mdokozi.
Radi ilipiga ng'ambo ya bonde, ikaondoka,
ikarudi kama aliyesahau kitu.
Nikahesabu (tazama, nikahesabu!)
kutoka mwanga hadi kishindo: sita, nne, mbili.
Nilikuwa nimepiga hema mteremkoni, kijinga,
na maji hayakosi mteremko.
Nikayasubiri yaje chini ya mgongo.
Nikapitiwa na usingizi nikiyasubiri.

Asubuhi nilikuwa mkavu.

Nikatoka kwa magoti. Kuzunguka hema
kulikuwa na mfereji wa kina cha shubiri, umekatwa kwa jembe,
kingo zake bado kali,
na maji ya kahawia yalikuwa yakinizunguka kwa adabu
yakishukia migombani.
Mambo mbili zimepigiliwa upya.
Nyayo za buti za mpira, la kushoto limepasuka kisigino,
zilikuja, zikazunguka, zikarudi kwenye mahindi.

Nyumba sikuiona. Kulikuwa na moshi, au wingu.
Nikapiga hodi kwenye mahindi.
Nikapiga tena.
Nikaitoa ile elfu moja, nikaiweka chini ya jiwe,
nikamkumbuka mama wa kuku,
nikairudisha mfukoni.

Pikipiki iliwaka kwa teke la kumi na moja.

Sironko, askari yuleyule, mkono mmoja kwenye chapati:
"Ulimkuta?"
Hapana, nikasema.
Anavaa namba tisa. La kushoto limepasuka.