Kinu cha Nungwe

Kuta tatu zimebaki. Ya nne ilibebwa
tofali kwa tofali, ikawa choo cha shule.
Hakuna anayelalamika; choo ni kizuri.

Juu ya zege lililobeba mashine ya kuponda mawe
Nyanzobe anaanika dagaa.
Boliti nne, nene kama mkono wa mtoto,
bado zimesimama, zinangoja chuma kirudi.
Kwa sasa zinafungiwa mbuzi.

Babu yangu Lugwisha alifanya kazi hapa.
Kwenye kipande aliandikwa namba 418
na jina likakosewa: Rugisa.
Siku ya malipo aliitwa hivyo, akaitika,
maana shilingi haina tahajia.
Uzeeni masikio yake yalikuwa yameziba.
Ukimwuliza dhahabu ikoje
alijibu kwa sauti ya mtu aliye mbali:
"Sikuiona. Niliisikia."

Mchana huu upepo wa ziwa
unaingia kwenye bomba la moshi lililokatika,
unatoa mlio mmoja, mzito, wa chini.
Mbuzi hawashtuki.
Nyanzobe anageuza dagaa kwa ufagio,
sakafu nzima inang'aa.
Bomba linaita tena: Rugisa.
Nami, sijui kwa nini,
naitika.