Betri Kwapani

Ghala la barafu la Wete lina nyuzi kumi na nane
chini ya sifuri. Kizingitini jasho linanitoka.
Hatua moja ndani, jasho lilelile
linanigandia shingoni kama gundi ya bahasha.

Umeme umekatika tangu alasiri. Jenereta linakohoa,
linawagandisha pweza tu; taa si haki yetu.
Nahesabu makreti kwa tochi ya betri mbili.
Ussi yuko mlangoni na daftari.
Koti ni moja, tunalivaa kwa zamu.

Kreti la kwanza, mwanga mweupe kama unga wa muhogo.
La tisa, umekuwa chai ya rangi.
La ishirini na mbili, ni ncha ya sigara
inayochungulia mikono ya pweza
iliyojikunja, kama imekataa kupokea.

Nikaigonga tochi pajani. Nikaigonga kwenye kreti.
"Mawe mapya haya, nimeyanunua leo Limbani!
Bwana wee, nimeibiwa."
"Hukuibiwa. Yana baridi.
Kilichomo ndani kimezubaa, hakitembei. Toka nayo."

Nikayatia kwapani, moja huku, moja huku,
nikasimama kizani nimejibana
kama kuku aliyenyeshewa,

na hapo ndipo aliponijia mama, Bi Mize,
na jamvi lake la karafuu.
Pembeni mwa jamvi, betri nne za redio,
zimepangwa juani, kila moja
ina alama ya gego lake.
Tulimcheka: "Mama, waanika mawe? Yatakauka lini?"
Hakujibu. Alizigeuza, upande wa pili nao upate jua.
Magharibi redio ilisema.
Si sana: matangazo ya vifo, na nusu ya habari,
kisha ikanong'ona, ikanyamaza.
Lakini ilisema.

Dakika ngapi zilipita, sijui.
Nikazirudisha, nikasukuma swichi.
Mwanga ukatoka wa manjano, ukajikaza, ukawa mweupe,
ukampiga Ussi usoni.
"Umeona?" akasema,
utadhani kwapa lilikuwa lake.

Nikaingia mbiombio. Ishirini na tatu. Ishirini na nne.
Nimezikopesha joto langu, na humu deni halikai;
tayari pembe za mwanga zinaingia kutu.
Ishirini na tano. Namba nazipiga kelele,
Ussi anaziandika kwa penseli,
maana kalamu ya wino niliyoingia nayo
nayo imegoma,
na kwapa ninazo mbili tu.