Kengele Mbili za Baiskeli

Stoo ya fizikia, Chang'ombe, nyuma ya rafu ya mizani,
ndani ya chupa ya pipi iliyofunikwa kifudifudi,
kengele mbili za baiskeli zimetazamana
kama majirani walionuniana,
na kati yao ushanga mmoja wa shaba
umening'inia kwa uzi wa hariri,
unakwenda huku, unarudi kule,
hauchoki kupeleka maneno.

Ti.
Kisha kimya cha kutosha kumenya chungwa.
Ti.

Mwalimu Kapinga aliiwasha Juni sabini na nne.
Aliiwasha si neno lake, maana haina swichi:
tuseme aliiacha iende.
Wanafunzi walimwokotea karatasi za fedha za pakiti za sigara
kuanzia Keko hadi Temeke Mwisho,
wakapasua betri za redio zilizokufa,
wakamletea ule unga mweusi, mikono kama ya wachoma mkaa.
Akakata visahani elfu moja na mia mbili,
fedha juu, weusi chini, fedha juu, weusi chini,
akavishindilia kwenye mrija wa kioo, akaziba kwa nta.
Ndivyo walivyoanza wa kwanza, aliandika:
zinki, shaba, kitambaa cha maji ya chumvi,
na ulimi wa mtu ndio uliokuwa mita.

Hilo mimi sikuhitaji kufundishwa.
Kwetu Mtoni tuliziuma betri kwa meno,
tukazianika juu ya bati kama dagaa,
ili baba apate taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Adui ni unyevu. Jiji hili hutoka jasho hata ukutani.
Kila Machi, kabla ya masika, nakaanga mchele bila mafuta,
naumwaga chini ya chupa ungali moto.
Hiyo ndiyo kazi yangu. Hiyo, na kuhesabu.

Gundi aliyotumia hatuijui.
Asali, au uji wa muhogo:
ukurasa ule umeliwa na mchwa.
"Si tuvunje tuone?" watoto huuliza kila mwaka.
Tukivunja tutajua,
na kitakachojulikana kitakuwa kimekwisha.

Daftari lenyewe lina mambo.
Desemba sabini na nane mwandiko unabadilika:
*Mwl. kaenda vitani. Naesabu mimi. Nyagawa, Kidato cha 3B.*
Tahajia mbovu, hesabu safi.
Septemba inayofuata Kapinga amerudi,
lakini herufi zake zimelalia upande wa pili,
kubwa kubwa, kama za mtoto anayejifunza.
Hakuandika mkono wa kulia ulikwenda wapi.
Aliandika: *mipigo kumi na tisa kwa dakika.*

Mwaka wa mgao mkubwa, jenereta ziliunguruma hadi Kurasini,
nami nilikaa humu na mshumaa.
Ushanga ukaenda, ukarudi.
Hauna luku.

Halafu akaja mkandarasi na nyundo zake na vumbi lake.
Nikaipakata chupa kwenye bajaji hadi nyumbani,
nikaiweka juu ya kabati, nikaizuia feni isiwake.
Ikanyamaza.
Siku ya kwanza nilijiambia ni uchovu wa safari.
Siku ya pili nilikaanga mchele, nikaunguza.
Siku ya tatu sikumwambia mtu.
Siku ya nne, alfajiri, adhana haijaanza,
ti,
nikakaa kitandani nikisubiri nyingine
kama anayesubiri mtoto apumue tena.

"Andika tu kwamba ilipiga," mwenzangu wa kemia alisema.
"Nani atajua?"

Kapinga alishazikwa kwao Mbinga.
Nikachukua kalamu, nikamfikiria Nyagawa na "naesabu" yake,
nikafikiria zile herufi za mkono wa kushoto.
Nikaandika:
*Tarehe tisa, kumi, kumi na moja. Haikupiga, au sikusikia.*
*Tarehe kumi na mbili. Mipigo miwili kwa dakika.*

Jana msichana wa Kidato cha Kwanza ameomba kuhesabu.
Nimemwambia anawe mikono kwanza.
Amerudi akiyadondosha maji sakafuni,
nimemrudisha akaikaushe.