Kioo Juu ya Ufa

Wazee wa kamati, mlinituma nipime.
Nimekuja na kamba, timazi na penseli ya seremala,
nikafungua kwa ufunguo wa Mama Ariokot,
mrefu kama mwiko, kutu imeula meno.

Naanza na paa, kwa kuwa ndilo mnalolilalamikia.
Kweli limeinuka mno, linakula mabati.
Kasisi wa kwanza alilichora kwa kumbukumbu
ya kanisa la kijijini kwao, Uingereza,
lenye miaka mia saba, alisema,
kule theluji inakolala juu ya nyumba kama mgonjwa
na paa lisiloinama huvunjika mgongo.
Hapa Morukaide theluji haijatujua.
Ila ile mvua ya mawe ya mwaka wa njaa,
iliyotoboa maghala na kuua mbuzi wa Esagu,
kanisani iliteleza tu, ikamwagika pembeni;
watoto tukaizoa kwa sufuria, tukaila.

Kuta ni mwamba wa kilima hiki hiki.
Walikoka moto juu ya jiwe siku mbili,
wakalimwagia maji ya baridi, likalia, likapasuka.
Babu yangu Okwalinga alikuwa mmwaga maji.
Ujira: chumvi, na shuka moja.
Unene wa ukuta: dhiraa moja na kiganja.
Nimegonga kila hatua. Unaitika.

Madirisha kumi na moja, yamechongoka juu.
Kumi ni kioo cheupe.
La madhabahuni lilikuja na rangi, ndani ya pipa la pumba:
malaika mwenye nywele za mahindi machanga.
Mwaka wa vita risasi ilimtwaa uso.
Mtu fulani akaziba kwa kitako cha chupa ya dawa ya kikohozi,
na tangu hapo malaika ana uso wa kahawia.
Hakuna aliyelalamika.

Kengele: hakuna. Iko rimu ya lori na nondo.

Bakuli la ubatizo halikuchongwa.
Ni jiwe la kusagia la bibi yangu Asekenye,
limechimbika kwa ulezi wa miaka thelathini.
Alilitoa likiwa bado na unga kwenye vinyweleo,
akawa anakwenda kusagia kwa jirani.
Sote tumebatizwa pale magoti yake yalipokuwa yakielekea.

Barazani, kwenye benchi la jiwe, pana mashimo ya bao.
Walioyachimba wakati wa mahubiri
siwaandiki; mmoja wao yumo katika kamati.
Hapo hapo walilala watu wa mabondeni
usiku ule ng'ombe waliposwagwa wote,
na moshi wao bado uko darini. Msipake rangi.

Sasa ufa. Ukuta wa kaskazini, kutoka dirisha hadi msingi.
Mlisema unakua.
Mlisema nikiandika hivyo, kandarasi ya jengo jipya ni yangu,
la matofali ya saruji na vigae vya kung'aa.

Baba yangu Misaki, mwaka wa sitini na sita,
alibandika kipande cha kioo juu ya ufa huo,
saruji huku, saruji huku,
akakwaruza tarehe kwa msumari.
Ukuta ukisogea hata unywele, alisema, kioo kitasema.

Nimepanda ngazi.
Nimefuta utando wa buibui kwa mate na kidole.
Tarehe inasomeka. Kioo ni kizima.

Nilikaa juu ya ngazi muda mrefu, wazee.
Nina watoto wawili wamerudishwa nyumbani kwa ada.
Kioo chenyewe ni chembamba kama ukucha,
kidole gumba kingetosha,
na popo peke yao ndio waliokuwa wakitazama.

Ufa wa kaskazini: haujasogea.
Gharama: mifuko miwili ya chokaa, siku tatu za kazi.

Nimemrudishia Mama Ariokot ufunguo.
Hakuuliza nimeona nini.
Ameuliza kama nimeufunga mlango hadi mwisho,
maana mbuzi huingia.